Maua ya Pazia Yanahesabika

…hapana, imepita, rudi kidogo, unywele mmoja tu, hapo, hapo hapo, usiguse, halafu mama akameza mate na ile mistari myekundu ikahama kutoka kwenye kope ikamiminika shavuni, kama sisimizi waliomwagiwa maji, na binti yake akajikuta anacheka peke yake nyuma ya kamera, kicheko cha puani, maana nani angemwambia kwamba kuzungusha pete ya lenzi kwa vidole viwili kuna utamu wa namna hii, unazungusha na uso unatoka kwenye ukungu, ncha ya pua kwanza, halafu kope, halafu jicho lenyewe na dirisha dogo jeupe ndani yake, unazungusha tena na uso unarudi ulikotoka, masikio ndiyo yanachukua zamu, na mistari myekundu inafuata, inatambaa juu ya chochote kilicho safi, ndiyo kazi yake, kamera yenyewe inaichora kwenye skrini kukuonyesha hapa pamekaa sawa, hapa bado, na yeye miaka tisa yote hii kazini hakuwahi kuiwasha kwa sababu hakuwahi kuihitaji, kule ghalani anapiga picha za bawaba na mabomba na makomeo ya milango kwa ajili ya katalogi, mia mbili kwa siku, lenzi ya kampuni inajitafutia yenyewe, zzt, imeshapata, mkono wake hauna kazi ila kubonyeza, wangeweza kumweka mbuzi pale akabonyeza kwa kwato na bosi asigundue mpaka mwisho wa mwezi… "Bado tu?" mama akauliza kutoka kwenye stuli. "Bado kidogo, mama, tulia," akasema, na neno lilipotoka tu akatamani kulirudisha mdomoni, maana katika nyumba hii neno tulia ni kesi, na kesi yenyewe haijaamuliwa mpaka leo.

Mama alinyoosha shingo na kuiweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliye mbele ya hakimu, na binti akarudi haraka kujificha kwenye skrini, kope, kope ziko wapi, hizo, na furaha ikampanda tena bila aibu, maana asubuhi ya leo alikuwa karibu kulia, alifunga lenzi ya marehemu baba yake kwenye ile pete ya kuunganishia, adapta, akaifunga adapta kwenye kamera, klak, akaona mambo yameiva, akabonyeza, na kamera ikamwandikia kwa herufi nyeupe, Hakuna lenzi, akabonyeza tena, Hakuna lenzi, lichuma zito limening'inia pale mbele na mashine inakana macho makavu kama mtoto mwenye sukari mdomoni, na mama aliyekuwa anapita na ufagio akachungulia akasema, "Hata kamera nayo imemkataa," isijulikane anaisema lenzi au anamsema mwenye lenzi, mpaka yeye alipompigia simu muuza vifaa na yule bwana akacheka hadi akakohoa, "Dada, lenzi ya zamani haina namna ya kuongea na kamera, kamera haijui kama ipo, nenda kwenye mipangilio, chini kabisa, washa kupiga bila lenzi," akawasha, kupiga bila lenzi, kama kumwandikia mtu kwamba hayupo ili aruhusiwe kuingia, na chumba kikatokea kwenye skrini, chepesi, kimejaa mwanga… bwana yule yule ambaye wiki iliyopita dukani alifungua kifuniko cha kamera yake akamwonyesha tumboni, "Unaona? Humu hamna kioo. Kamera kama ya mzee wako ilikuwa na kioo kidogo kinachorusha picha juu mpaka jichoni, ukibonyeza kinaruka, filamu nayo inapata zamu ya kuona. Sasa kioo kile kikikaa vibaya hata unene wa ukucha, jicho linaona kingine, filamu inaandika kingine, na wewe huna habari. Hii hapa, unachokiona ndicho kinachoandikwa, hakuna dalali katikati," na yeye akacheka kwa ajili ya dalali tu, mengine yakapita sikio la huku yakatokea sikio la kule, kwa sababu mawazo yote yalikuwa kwenye lenzi mkobani, imefungwa kwenye soksi ya baba.

Nayo soksi iko pale dirishani sasa, na chumba chenyewe ni hiki hiki, chumba cha mbele cha nyumba, studio ya baba kwa miaka thelathini na moja, kesho mpangaji anaingia na vyerehani vyake, ukuta umebanduliwa fremu zote, zimebaki alama za mraba zilizo nyeupe kuliko ukuta, limebaki pazia la maua nyuma ya stuli, imebaki stendi ya miguu mitatu yenye mguu mmoja uliogangwa kwa waya, na juu ya mlango maneno aliyoyaandika baba mwenyewe kwa brashi na rangi ya bluu, MACHO HUDANGANYA KAMBA HAIDANGANYI, herufi za mwisho zimebanana kwenye kona kama abiria, mtu wa kupima kila kitu alisahau kupima ukuta, na kamba yenyewe ndiyo hii, ya katani, imefungwa kwenye stendi, ina fundo mwishoni, mteja anakaa, baba anaivuta mpaka fundo liguse pua, anaisogeza stuli kidole kimoja mbele, kidole kimoja nyuma, kamba ikinyooka anaiachia, anaiweka pete ya lenzi kwenye nukta nyekundu, anachungulia mara moja kuhakikisha kichwa hakijakatwa, klak, anayefuata, na mteja akilalamika kwamba hakuangaliwa vizuri baba anacheka na kuonyesha kidole juu ya mlango, maneno aliyoachiwa na yule mpiga picha mstaafu aliyemuuzia kamera, alimkabidhi kamera na kamba kwenye mfuko mmoja akamwambia, macho hudanganya bwana, kamba haidanganyi, baba akayapenda, akayafanya methali ya nyumba, akawasomea watoto wake wakati wa mitihani na wakati wa kuchagua wachumba, kaka aliyechagua kwa macho akasomewa mara mbili… na ile nukta nyekundu kwenye pete, rangi ya kucha ya mama, chupa iliyokwisha siku moja bila maelezo, mama akamshuku wifi yake, wakanuniana mwaka mzima, hawapeani hata salamu ya maana, na mwizi hakujulikana mpaka baba alipofariki na lenzi ikafunguliwa na mama akaiona rangi yake pale, nyekundu ya kuiva, kumbe mwizi alikuwa analala naye.

"Mnapiga picha au mnachora?" sauti ya kaka kutoka nje, pikapu imeshawashwa na kuzimwa mara mbili, anasubiri boksi la vitu vya kutupa, na boksi liko pale mlangoni, limefunguka mdomo, binti hataki kuliangalia na analiangalia, ndani kuna kamera ya zamani isiyo na lenzi, kuna bahasha, na ndani ya bahasha kuna picha kumi na moja za mama, ndizo zote, mtu aliyeolewa na mpiga picha miaka zaidi ya thelathini ana picha kumi na moja na zote ni moshi, uso ni moshi, kilemba ni moshi, na nyuma yake pazia safi kabisa, maua yanahesabika, petali moja moja, mpaka uzi uliochomoka kwenye pindo unaonekana, wateja wote wa baba wametoka na kope zao na chunusi zao, lakini mama wa nyumba ametoka kama mvuke wa birika mbele ya maua, na kila picha ilipotoka chumba cha giza ikaanza ile ile, baba anainua karatasi inadondosha maji, anasikitika, "Mama yenu hatulii," na mama anaipokea, anaiangalia, "Baba yenu haangalii," na shangazi akiwepo anaweka chumvi, "Wifi yangu ana damu ya moto, hata akilala anatembea," na watoto wanakula chakula chao kimya kwa sababu vita vya panzi ni furaha ya kunguru lakini wao hawakuwa kunguru, walikuwa watoto wa panzi… na leo mama mwenyewe ndiye aliyekubali, baada ya miaka minne, tangu msiba, ya kukataa kamera yoyote, hata ya simu, hata ya kitambulisho alipigwa kwa kusukumwa, leo akakubali, "Moja tu, kwa lenzi hiyo, chupa ya baba yako, kabla chumba hakijaenda. Lakini na mimi nipimie," na binti hakuelewa, "Nikupimie nini, mama?" na mama akaangalia pembeni, "Kamba. Wateja wote aliwapimia. Hata yule mwizi wa kuku aliyeletwa na askari kupigwa picha, alipimiwa. Mimi hata kamba hakunipimia. Alinikalisha tu pale," basi binti akaivuta kamba, akalileta fundo polepole, na mama akafumba macho kama mtoto anayepakwa mafuta, fundo likagusa pua, na mama akasema kwa sauti ya chini sana, "Kumbe ndivyo linavyogusa."

Yote hayo robo saa iliyopita, na sasa jicho, jicho tu, akabonyeza kitufe cha kukuza na skrini ikajaa jicho la mama peke yake, kubwa kama sahani, kumbe mboni ya mama ina duara la kijivu pembezoni, kumbe kope mbili za mwisho zimepindana, mtu unaishi na mama yako miaka arobaini kasoro na hujui kope zake, akazungusha pete, polepole, pete ya zamani nzito, ina mafuta yake ya ndani, inakwenda kama kijiko kwenye asali, ukungu, ukungu, kidogo, na mistari myekundu ikasimama kwenye kope zote mbili zilizopindana, ikasimama wima, haitetemeki, hapo, akashusha pumzi, akatoa jicho kwenye skrini akaangalia mkono wake, akaiangalia pete, na nukta nyekundu ya rangi ya kucha ilikuwa imekaa ana kwa ana na mstari mweupe wa lenzi, haijazidi, haijapungua, alifika kwa macho mahali pale pale ambapo baba alifika kwa kamba, na akataka kupiga kelele, akataka kumwita kaka aje aone, baba, baba, nukta yako ni sahihi, miaka yote hii imelala kwenye soksi na bado ni sahihi, lenzi ni nzima, haina ukungu, haina kuvu, ni kali kama wembe… na mama alikuwa anazungumza, alikuwa amezungumza muda wote, maneno yanafika yakiwa yamechelewa, kama mtu anayepiga hodi wakati ameshaingia, "…basi piga tujue. Ikitoka na ukungu nitakubali. Nitasema ni mimi, sijui kukaa, marehemu alisema kweli. Na ikitoka safi…" mama akafuta kitu kisichokuwepo gotini, "ikitoka safi nitajua chupa yake ilikuwa nzima siku zote. Ni macho yake tu ndiyo hayakuwa kwangu. Na hayo mapicha yaende yanakokwenda."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe na kikakaa hapo hapo. Ikitoka safi. Lakini ni safi, mama, ni safi tayari, ninaiona, kope zinahesabika, na furaha iliyokuwa kifuani ikageuka ikawa kitu kingine bila kubadilisha mwendo, moyo unakwenda mbio zile zile lakini sasa unakimbia unakimbizwa, alikuja hapa kumtetea baba na kumbe ameshika ushahidi wa kumfunga, lenzi nzima, nukta sahihi, kamba sahihi, mwanga ule ule wa dirisha lile lile, kwa hiyo kilichobaki ni nini, kilichobaki ni mtu, mtu aliyesimama hapa nilipo akamwangalia mkewe akaona pazia… hapana, baba hakuwa hivyo, baba aliyekuwa akimpelekea mama chai kitandani na kuimwaga nusu njiani, baba aliyeiba rangi ya kucha, lakini picha ni picha, kumi na moja zote, na wazo likamjia, wazo bovu, likamjia kwa upole kabisa kama rafiki, zungusha kidogo, sogeza pete upana wa punje ya mchele, halafu bonyeza, itoke na ukungu, mama atasema ni mimi, sijui kukaa, atamsamehe marehemu kwa kujitwisha yeye mwenyewe kosa, ameshazoea kujitwisha, nani atajua, na vidole vikasogea kabla hajaviruhusu, punje moja ya mchele upande wa mbali, na uso wa mama ukazama, ukarudi kwenye moshi, macho, pua, mdomo, vyote, na nyuma yake maua yakawaka.

Yakawaka yote. Mistari myekundu ikatoka usoni kwa mama ikavamia pazia, petali moja moja, ua la juu, ua la chini, kikonyo, uzi uliochomoka kwenye pindo, ule ule, na binti akasimama na mdomo wazi kwa sababu picha hii anaijua, picha hii iko kwenye bahasha, moshi ule ule, maua yale yale, uzi ule ule, hajapiga na tayari anaiona, ya kumi na mbili, na ya kwanza, na ya sita ile ya mwaka aliooa kaka, zote, zote zimekaa hapa, punje moja ya mchele kutoka kwenye nukta… subiri. Subiri kwanza. Mtu asiyetulia hutikisika leo hivi na kesho vile, leo mbele kesho nyuma, siku moja angebahatika akatoka safi, mara moja tu kati ya kumi na moja, lakini mama hakutoka hata mara moja, ilikuwa hapa hapa kila picha, kwa hiyo si mama, mama hakutikisika, vizuri, lakini baba naye, fikiri sasa, fikiri polepole, usikimbie, stuli haikuwa na pa kwenda zaidi ya kidole kimoja, miguu yake imechimba sakafu hii hii, pete ya lenzi ilishinda kwenye nukta kutwa nzima kwa ajili ya wateja, asubuhi nukta, jioni nukta, mtu asiyejali angeiacha hapo hapo, angemkalisha mkewe akabonyeza, klak, anayefuata, na mama angetoka safi, angetoka na kope zake! Uvivu ungemtoa safi! Kutojali kungemtoa safi! Ili mama awe moshi ilibidi mtu aiondoe pete kwenye nukta kwa mkono wake, aizungushe kwa kukusudia, na aifikishe hapa, mahali pale pale, picha baada ya picha, kwa nini mtu mwenye akili zake azungushe, alikuwa anatafuta nini…

"Ndivyo alivyokuwa na yeye," mama akasema kutoka ndani ya moshi. "Hivyo hivyo unavyofanya. Wateja klak, klak, wamekwenda. Mimi nakaa mpaka shingo inaniuma. Jicho kaligandisha hapo kwenye kitundu, anazungusha, anarudisha, anazungusha. Hata hasemi kitu. Nikidhani amemaliza, anaanza upya. Nikawa nasema moyoni, huyu mwanaume uso wangu umemshinda, hajui aufanye nini."

Anazungusha, anarudisha, anazungusha… lakini ndivyo nilivyofanya mimi sasa hivi, mama, sikuwa nimeshindwa, nilikuwa nimenogewa, nilikuwa nahesabu kope zako, na mwili wote ukamsisimka kuanzia kisogoni, kwa sababu aliona, alimwona baba amesimama hapa hapa, kamba imening'inia bila kazi, alimpimia mwizi wa kuku, mkewe hakumpimia, mkewe alimwangalia, ndiye mtu pekee aliyekuwa akimwangalia kwa macho, alizungusha mpaka akamwona safi, alimwona safi! Kwenye kitundu kile mama alikuwa safi kabisa, kope zimepindana, dirisha dogo jeupe kwenye jicho, ndipo akabonyeza, na filamu ikaandika maua, jicho linaona kingine, filamu inaandika kingine, na wewe huna habari, nani alisema, muuza vifaa, dukani, na kifuniko cha kamera mkononi, kioo kikikaa vibaya hata unene wa ukucha, dalali, dalali katikati… na akainua macho bila kutaka na yakatua juu ya mlango, MACHO HUDANGANYA KAMBA HAIDANGANYI, na akaisoma kama hajawahi kuisoma, haikuwa methali! Mungu wangu, haikuwa methali hata kidogo, yule mstaafu alijua, alijua kamera yake ina kioo kilichokaa upande, ukiitazamia kwa macho inakudanganya, akamfungashia na kamba, akamwambia waziwazi, bwana, kwenye hii macho hudanganya, tumia kamba, lilikuwa onyo la kasoro, na baba, baba mtu wa maneno matamu, akasikia hekima, akachukua brashi na rangi ya bluu akalipaka ukutani, akawasomea watoto wakati wa mitihani, miaka thelathini na moja anafanya kazi chini ya maneno yanayomwambia kamera yako ni mbovu na anawacheka wateja… na akacheka, binti, hakuweza kujizuia, akaziba mdomo kwa mkono wa kushoto na machozi yakamtoka kwa kicheko na kwa kitu kilichokuwa nyuma ya kicheko, maana wawili hawa walilala kitanda kimoja na kesi katikati yao, hutulii, huangalii, hutulii, huangalii, na mshtakiwa alikuwa amelala kabatini amefungwa kifuniko, kijioo kidogo kuliko kadi ya kliniki, na baba alikufa anaamini kabisa kwamba mkewe hajui kukaa, na alimpenda hivyo hivyo akiwa hajui kukaa.

"Unacheka nini? Nimekaa vibaya?" mama akauliza, na nje kaka akapiga honi mara moja, fupi, ya heshima, na binti akatikisa kichwa, ana mambo elfu ya kusema na hajui lianze lipi, kioo, nukta, dalali, mwizi wa kuku, atamweleza vipi mama kwamba zile picha kumi na moja za moshi ndizo picha pekee ambazo baba aliziangalia, kwamba wale wateja wote waliotoka safi hakuna aliyeangaliwa, walipimwa tu kama kitambaa, ataleta kamera ya zamani kutoka kwenye boksi, ataifunga lenzi, atamwambia chungulia mwenyewe, mama, tazama kwa jicho lako, halafu tazama kwenye hii isiyo na kioo, uone kioo kilivyowafanya, boksi haliendi popote, kaka atasubiri, atanuna, ataelewa, lakini hayo baadaye, hayo yatakuja, sasa pete, akaishika pete na kuirudisha, punje moja ya mchele, polepole, utamu ule ule, na maua yakaanza kuzima moja moja, ua la juu, ua la chini, uzi wa pindo, pazia lote likawa moshi, hatimaye na lenyewe likaonja, na mama akatoka, ncha ya pua, kope, kope mbili zilizopindana, dirisha dogo jeupe, alivyokuwa akitoka kwenye kitundu cha baba kila mara, na nukta nyekundu ikarudi ikakaa ana kwa ana na mstari.

"Bado tu?" mama akauliza, na mikono yake ikabanana zaidi mapajani, na kabla hajajibiwa akawahi, haraka, kwa sauti ile ile ya miaka yote, sauti ya mtu anayetangulia kujitetea, "Sijatikisika, mwanangu. Mimi nimekaa tu."

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Najua, mama," akasema. "Hujatikisika. Hujawahi kutikisika hata siku moja."

Mama alimwangalia, moja kwa moja ndani ya lenzi, muda mrefu, na hapo ndipo mabega yake yakaanza kutikisika.